Kabla ya Kujaza Jina la Shule

Kuna masomo mawili yanayomfanya mkuu wa shule ya kata ainuke kitini. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaingia ofisini, shikamoo imeitikiwa, barua ya utambulisho yenye muhuri wa halmashauri iko mezani, na mkuu anauliza hata kabla hajaisoma: "Masomo yako?" Akijibiwa, "Historia na Kiswahili, mkuu," anasema, "Aa, karibu sana," na barua inasogezwa pembeni kukaa na wenzake. Akijibiwa, "Fizikia na Hisabati," kiti kinatafutwa, mtaaluma anaitwa, na kabla soda haijaisha mgeni ameshakabidhiwa Kidato cha Pili na cha Tatu, mikondo yote, vipindi vyote.

Nimeyaona mapokezi ya aina zote mbili kwa miaka mingi, nikiwa upande wa wenyeji. Shule yetu ni ya kata, ya kutwa, na kila muhula wa pili unapofunguliwa Julai hupokea walimu wa fildi. Watoto hawawatenganishi, awe ametoka Mlimani, Chang'ombe, Mkwawa au Dodoma, wote kwao ni "ticha wa fildi". Kwenye makaratasi ya vyuo jambo lenyewe huitwa BTP (Block Teaching Practice), nayo huchukua majuma manane hivi, kisha kijana anakunja suti yake na kurudi chuoni.

Mimi nataka kuzungumzia kitu kinachotangulia hayo yote, yaani saa ile mwanafunzi anapoulizwa anataka kwenda mkoa gani, wilaya gani, na ikiwezekana shule gani. Wengi hujaza kwa haraka, wakishauriana na wenzao bwenini kama watu wanaochagua basi la kusafiria. Nani ana ndugu wapi, wapi kuna umeme, wapi asesa, yule mhadhiri anayekuja kuwapima, hufika kirahisi. Kwa aliyekwisha kuamua kwamba ualimu ndio maisha yake, haraka hiyo haina madhara makubwa. Maisha yatampeleka shule nyingine nyingi. Wasiwasi wangu ni kwa yule ambaye bado hajaamua.

Naye yupo, tena ni wengi. Walimu tunalijua hili ila hatulisemi mbele ya wageni: si kila anayesoma shahada ya ualimu aliutaka ualimu. Yupo aliyeomba sheria akakosa. Yupo aliyeambiwa na mjomba kwamba ukisoma ualimu wa sayansi mkopo hautakupita. Yupo ambaye mama yake ni mwalimu, na nyumbani kwao hakuna kazi nyingine waliyowahi kuiona kwa karibu. Sioni dhambi katika lolote kati ya haya. Watu huingia kwenye ndoa kwa sababu za kushangaza zaidi na wakazeeka pamoja vizuri. Lakini zamani kijana wa namna hiyo alikuwa na jibu moja lililowatuliza wazazi na yeye mwenyewe: kazi ipo. Sisi tulimaliza chuo tukapangiwa vituo, tukapanda mabasi. Kwa muda wa miaka kumi hivi sasa jibu hilo limechakaa. Wahitimu wanakaa nyumbani wakisubiri tangazo, na Januari 2025 waombaji wa kazi ya ualimu waliitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira mkoa kwa mkoa, mtihani na mahojiano, kitu ambacho kizazi changu hakikukifahamu. Kijana anayeingia ualimu leo bila uhakika wa ajira anahitaji sababu nyingine ya kuingia. Hawezi kuipata katika vitini vya saikolojia ya elimu. Ataitafuta shuleni, na nafasi yake ya kuitafuta ni hayo majuma machache ya fildi. Ndiyo maana jina la shule atakayojaza kwenye fomu lina uzito.

Tuanze na fedha, maana bila fedha mengine yote ni maneno. Bodi ya Mikopo humpa mwanafunzi anayestahili fedha ya mafunzo kwa vitendo, shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Ukizidisha ni 560,000. Toa nauli ya kwenda na kurudi, toa kodi ya chumba, toa chakula cha miezi miwili, toa karatasi na manila za zana, toa viatu, kwa sababu viatu vya chuoni havivaliki mbele ya Kidato cha Nne. Na kuna wasio na mkopo kabisa. Kwa hiyo anayechagua shule iliyo jirani na nyumba ya shangazi yake simcheki. Anafanya hesabu, na hesabu ni sehemu ya maisha ya mwalimu. Ataifanya kila mwisho wa mwezi akiutazama mshahara wenye makato.

Ninayemshangaa ni yule anayerudi shule aliyosoma mwenyewe. Huko kila kitu kinamkaribisha: mpishi anamkumbuka, mlinzi anamwita kwa jina la utani, mwalimu wa nidhamu aliyemchapa sasa anampisha kwenye benchi. Raha tupu. Ila kwenye shule ile yeye ni mtoto wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani hahoji. Hatamuuliza mwalimu wake wa zamani kwa nini anaingia darasani dakika kumi na tano baada ya kengele. Hatauliza ile michango inakwenda wapi. Ataiona shule kwa macho ya mwanafunzi aliyekuwa, wakati alitumwa kwenda kuitazama kwa macho ya mtu anayeweza kukaa hapo miaka thelathini.

Si kila mtu huukubali mwaliko wa nyumbani. Mwaka 1945 Julius Nyerere alikuwa anamaliza mafunzo ya ualimu Makerere, na Tabora ikamwita mara mbili. Shule ya Serikali, ambayo yeye mwenyewe alikuwa amesoma, ilimtaka; na shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, ya Mapadri Weupe katika mji huohuo, nayo ilimtaka. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba upande wa serikali ulimkumbusha kwa barua kuwa miaka ya kufundisha misheni isingehesabiwa kwenye pensheni, na kwamba barua hiyo ndiyo iliyomaliza mashaka yake: akaenda misheni. Alifundisha hapo hadi 1949 alipokwenda kusoma Edinburgh, na aliporudi akafundisha Pugu mpaka Machi 1955, alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Simwambii kijana yeyote aidharau pensheni. Nina umri wa kujua thamani yake. Ninachokiona katika kisa hiki ni mtu aliyekuwa na mlango wa nyumbani uliokuwa wazi, wenye malipo ya kueleweka, akataka kujua kwanza anakwenda kufanya kazi na nani. Mapadri wale aliwafahamu, na kazi yao aliijua.

Sasa nifike kwenye kiini cha tatizo, ambacho sijawahi kukisikia kikisemwa kwenye semina za kuwaandaa wanafunzi: shule inayokuhitaji zaidi ndiyo yenye uwezo mdogo zaidi wa kukufundisha kazi.

Sababu zake zinajulikana. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ulizaa sekondari za kata kwa kasi ambayo nchi haikuwahi kuiona. Wananchi walibeba mawe na mchanga, madarasa yakasimama, na walimu wakawa bado hawajazaliwa, kwa namna ya kusema. Pengo likazibwa na vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi na leseni ya kufundishia. Mwaka 2016 ada ya sekondari ikafutwa mpaka Kidato cha Nne, watoto wakajaa zaidi. Serikali imeajiri kadiri ilivyoweza, lakini nenda leo shule iliyo mbali na barabara ya lami uulize mwalimu wa Fizikia. Utaonyeshwa mwalimu wa Kemia anayejitolea kuisaidia Fizikia, au utaonyeshwa kijana wa fildi.

Kijana huyo akifika anakuwa ndiye idara nzima. Hana mkuu wa idara, hana wa kumkabidhi azimio la kazi la mwaka, hana wa kumwambia kwamba mada ya mgandamizo huwachanganya watoto mahali fulani na dawa yake ni hii. Anaingia darasani peke yake, anatoka peke yake. Wanafunzi wanampenda kupita kiasi, kwa sababu mtu mwenye kiu hachagui kikombe. Siku ya kuondoka wanamchangia khanga au shati, wasichana wanalia, mkuu anatoa hotuba. Kisha Septemba inaingia, mada imeachwa katikati, na Novemba ni mtihani wa Kidato cha Nne na upimaji wa Kidato cha Pili. Kijana amerudi chuoni akijua kwamba anaweza kusimama mbele ya watu themanini bila kutetemeka. Kama amefundisha vizuri au vibaya, hajui, maana hakuna aliyekuwepo wa kumwambia.

Shule za mjini zina shida ya upande wa pili. Huko vijana wa fildi hufika kumi kwa mpigo kutoka vyuo vitatu tofauti, wanagawana vipindi kama watu wanaogawana mkate mmoja, kila mtu vinne au sita kwa wiki. Muda uliobaki wanakaa chini ya mwembe na simu zao. Walimu wazoefu wapo, wengi na wazuri, lakini kijana anawaona wakipita tu. Na yeye akiulizwa chuoni amejifunza nini atasema amejifunza mengi, kwa sababu ndivyo ripoti inavyotaka.

Basi aliye njia panda aende wapi? Nimelifikiria swali hili muda mrefu, na msimamo wangu ni kwamba asiende kuwa kiraka. Najua wakuu wa shule hawatanipenda kwa kusema hivyo. Watoto wa shule isiyo na mwalimu wa Fizikia wana haki ya kupata mwalimu wa Fizikia, na anayedaiwa haki hiyo si mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye mwenyewe bado anapimwa. Ukimpa mtu asiye na uhakika mzigo wa idara nzima, atatoka na moja ya majibu mawili, na yote yatakuwa ya uongo: ama kwamba ualimu ni utukufu, watu wanakulilia, ama kwamba ualimu ni mateso, umeachwa peke yako porini. Ualimu wa kila siku haufanani na lolote kati ya hayo. Ni kazi ya kurudia, ya kusahihisha, ya kumfuatilia mtoto mmoja anayekosa shule kila Jumatatu kwa kuwa ni siku ya gulio na mama yake anahitaji mtu wa kubeba tenga. Utamu wake unakuja polepole, na huonekana kwanza kwa mtu mwingine aliyekaa muda mrefu.

Ndiyo maana ningependa fomu ya chuo iwe na swali moja la ziada: nani anafundisha somo lako katika shule hiyo, na amekaa hapo kwa muda gani? Asiyeweza kulijibu hajachagua shule, amechagua wilaya. Na kulijibu si kazi ngumu. Walimu wa wilaya moja wanajuana; wanakutana kwenye usahihishaji wa mitihani ya pamoja, kwenye mazishi, kwenye michezo ya UMISSETA. Mpigie simu mwalimu wako wa zamani umuulize: hapa wilayani, nani anafundisha Jiografia vizuri? Atakutajia watu wawili au watatu bila kufikiri sana. Walio wazuri tunawajua. Hatuna orodha yao iliyobandikwa ukutani, lakini tunawajua.

Ukimpata, usikubali vipindi wiki ya kwanza. Hili litahitaji ujasiri, kwa sababu wenyeji wana tabia yao. Mwalimu mwenyeji akiona kijana wa fildi amefika, mara nyingi anamkabidhi chaki na vitabu siku hiyohiyo na kwenda kushughulikia mambo yake. Amechoka, na bahati imembishia hodi. Mwambie kwa adabu: "Mwalimu, naomba nikae nyuma nikuone kwanza." Kaa kwenye dawati la mwisho. Tazama anavyoingia, anavyosubiri kelele zizimike bila kupandisha sauti, anavyoacha Kiingereza cha kitabu na kuhamia Kiswahili pale ambapo mfano umegoma kueleweka, kisha anavyorudi kwenye Kiingereza kwa sababu mtihani utaulizwa kwa lugha hiyo. Kuhama huko na kurudi ndiko nusu ya ufundi wa mwalimu wa sekondari katika nchi hii, na chuoni hakuna mtu atakayekuonyesha, maana rasmi hakupo.

Kuhusu asesa sina mengi. Anafika na gari la chuo, amechoka na safari, ana shule nyingine mbili mchana huo. Anakaa nyuma na fomu yake: maandalizi, utangulizi, zana, umilisi wa somo, udhibiti wa darasa, hitimisho. Darasa lililokuwa likivunja madirisha jana linageuka kuwa la malaika. Kila mkono uko juu, hata wa yule ambaye tangu Januari hajawahi kujibu kitu, kwa sababu watoto wetu wana huruma na wanajua mchezo. Ticha wa fildi wa mwaka jana aliasesiwa, na wa mwaka juzi pia. Wanamlinda. Ni moja ya mambo mazuri ninayoyaona shuleni kila mwaka, na ni sababu tosha ya kutoyaamini sana maksi za siku ile. Alama A ya asesa haimwambii kijana kama kazi hii itamfaa, na C haimwambii kwamba aikimbie.

Kitakachomwambia ni ofisi ya walimu. Shule ni ofisi ya walimu kuliko ilivyo madarasa, na anayechagua shule anachagua watu ambao ataanza kufanana nao kabla hajagundua. Mwaka 2016 video moja ilisambaa nchi nzima ikiwaonyesha walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo wakimshambulia mwanafunzi kwa mateke na ngumi katika ofisi ya walimu ya sekondari moja mkoani Mbeya. Waziri wa Elimu alitangaza kwamba wamefukuzwa chuo, na nchi ikawalaani, kwa haki. Swali lililonibakia ni lingine. Wale vijana hawakufundishwa hivyo chuoni. Kanuni za adhabu ya viboko zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kijana wa fildi hana idhini hiyo mahali popote. Lakini kuna ofisi za walimu ambako fimbo inalala mezani karibu na daftari la mahudhurio, na mgeni anayetaka kukubalika anaiokota siku ya tatu. Kuna nyingine ambako mwalimu akimpigia mtoto kelele tu, mwenzake anamwambia baadaye pembeni, "Ticha, yule mtoto nyumbani kwao kuna tatizo." Huwezi kuzitofautisha ofisi hizi mbili kwenye orodha ya shule, kwa matokeo ya mtihani wala kwa umbali kutoka barabarani. Ukienda kutembelea siku moja kabla ya kujaza fomu, ukakaa saa mbili ukingoja mkuu arudi kutoka halmashauri, utaitambua.

Na hapo nimtaje kijana wa kiume anayepangiwa shule yenye wasichana wa umri wa miaka kumi na minane, ishirini, naye ana ishirini na mbili. Ataishi nao mtaa mmoja. Tangu 2016 anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka thelathini, lakini mtu asiingoje sheria imfundishe mpaka. Asiyeweza kukaa na mpaka huo kwa majuma manane ameshapata jibu lake kuhusu ualimu, na aende kwa amani kufanya kazi nyingine.

Kuishi mtaa mmoja na wanafunzi kuna faida yake kubwa, nami ningemwomba anayeweza apange chumba kijijini badala ya kupanda bodaboda kila asubuhi kutoka mjini. Kwenye shule za kata watoto wengi hutoka mbali, na wazazi wenye uwezo kidogo huwapangia vyumba karibu na shule, vyumba ambavyo wenyewe huviita mageto. Mtoto wa miaka kumi na nne anajipikia, anajifulia, anajifungia mlango usiku. Mwalimu anayelala mjini anamjua mtoto huyo kama namba kwenye daftari, mchelewaji wa kila siku. Anayepanga kijijini anakutana naye bombani saa moja jioni, ndoo kichwani, na anajua kesho asubuhi kwa nini kazi ya nyumbani haikufanyika. Hatakuwa na la kufanya kuhusu hilo mara nyingi. Lakini ataujua ualimu unapoishia na maisha ya watu yanapoanzia, na anayetaka kuamua kuhusu kazi hii anahitaji kusimama kwenye mstari huo akautazame mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea binti aliyesoma Kiswahili na Jiografia, hodari, mkimya, ambaye hakuficha kwamba hajui kama anataka kufundisha. Siku moja tukiwa tunasahihisha, akaniuliza: "Mwalimu, ukitoka hapa saa tisa unafanya nini?" Nilimweleza. Nina kuku, nina shamba la mahindi ekari moja na nusu, Jumamosi nafundisha tuisheni, marejesho ya kikoba ni Jumapili. Mwenzangu wa meza ya pili ana duka la vifaa vya shule. Makamu anasomea shahada ya pili Chuo Kikuu Huria na anasoma usiku. Akauliza tena: "Na hapo katikati, unawafikiria watoto?" Nikamwambia ninawafikiria, hasa wakati wa kupalilia. Akaandika kwenye kidaftari chake. Alifundisha vizuri mpaka mwisho, akaasesiwa akapata alama nzuri, na siku ya kuaga akaniambia kwamba hatakuwa mwalimu. Alisema kazi ameiheshimu, ila ameona kwamba yeye akitoka saa tisa atataka kusahau kabisa, na anaona wale wanaokaa hawasahau. Sasa anafanya kazi ya uhariri. Katika wote tuliowapokea, sikumbuki aliyeitumia fildi vizuri kumzidi.

Vyuo haviwezi kulaumiwa kwa kila kitu, lakini majuma manane ni machache. Kwa jirani zetu wa Kenya mwanafunzi wa ualimu hukaa shuleni muhula mzima kwa kawaida; anauona ukifunguliwa, anauona mtihani, anajaza ripoti za wazazi, anauona ukifungwa. Kwetu kijana anaondoka kabla hajaona matokeo ya alichokifundisha. Na Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda mbali zaidi: lilitaka aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Utaratibu ule ulikuwa na taabu zake na haukudumu, na sitetei urudishwe. Lakini wazo lililokuwa chini yake, kwamba mtu aijue kazi kabla ya kutumia miaka kuisomea, sijaona aliyelipinga kwa hoja. Wakati vyuo vikijadili, mwanafunzi ana likizo. Hakuna anayemkataza kwenda kujitolea wiki mbili shule ya msingi ya kijijini kwao baada ya mwaka wa kwanza, bila fomu wala asesa.

Kwa hiyo wewe uliye na fomu mbele yako na hujui kama unautaka ualimu: iache shule uliyosoma, na ile yenye wenzako kumi iache vilevile. Tafuta shule ya kata ya kawaida ambayo somo lako lina mwenyewe, mtu aliyekaa miaka mingi na ambaye wilaya inamtaja. Mpigie simu kabla ya barua. Barua ya utambulisho ifuatilie mapema, kwa sababu hupita kwa Katibu Tawala na kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na mihuri hiyo haitoki siku moja. Nenda umuone mkuu kabla shule hazijafungwa Juni. Julai nafasi zinakuwa zimegawiwa, na utapelekwa palipobaki.